Damu ya Kitovu: Majibu ya Mapema Bila Kumchoma Mtoto

Mtoto anapozaliwa na kitovu chake kukatwa, macho ya wote waliomo katika chumba cha kujifungulia humfuata yeye. Kondo la nyuma likishatoka, na mkunga akahakikisha kwamba limetoka lote, huwekwa katika beseni, kisha huteketezwa au hukabidhiwa familia. Ndani ya kondo hilo, na katika kipande cha kitovu kilichobaki, mna damu. Damu hiyo si ya mama. Ni ya mtoto. Mililita chache tu zinatosha kumweleza mtaalamu wa maabara kundi la damu la mtoto, kama ana ugonjwa wa selimundu, na kama yumo katika hatari ya kupata manjano makali. Hata hivyo, mahali pengi damu hiyo hutupwa, na baada ya saa chache mtoto yuleyule huchomwa kisiginoni au katika mshipa mdogo wa mkono ili ipatikane damu ya kupimia.

Makala haya yanaeleza vipimo vinavyoweza kufanywa kwa damu ya kitovu, vile visivyofaa, na masharti matatu ambayo ni lazima yatimizwe. Kwanza, mtoto apate damu yake kutoka kwenye kondo kabla ya maabara kupata sehemu yake. Pili, sampuli isichanganyike na damu ya mama. Tatu, majibu yamfikie mzazi. Sharti moja likikosekana, kipimo hupoteza maana, na pengine huleta madhara.

Damu hiyo ni ya nani?

Katika ujauzito, damu ya mama na ya mtoto hukaribiana ndani ya kondo la nyuma bila kuchanganyika ovyo. Hutenganishwa na utando mwembamba unaopitisha oksijeni, virutubisho na baadhi ya kingamwili za mama. Kitovu kina mishipa mitatu: vena moja, inayompelekea mtoto damu yenye oksijeni, na ateri mbili zinazoirudisha damu kwenye kondo. Mishipa yote mitatu hubeba damu ya mtoto mwenyewe. Seli nyekundu zilizomo zimetengenezwa na mwili wake, zina kundi lake la damu na himoglobini aliyorithi kwa wazazi wake. Kwa sababu hiyo, katika maswali yanayohusu urithi, sampuli ya kitovu iliyochukuliwa vizuri inaweza kushika nafasi ya sampuli iliyotolewa mwilini mwa mtoto.

Nafasi hiyo ina thamani, kwa kuwa damu ya mtoto mchanga ni kidogo. Aliyezaliwa kwa wakati akiwa na kilo 3 ana takriban mililita 250 za damu, kiasi cha kujaza glasi moja ya maji. Njiti mwenye kilo 1 ana kama mililita 90 hadi 100 tu. Kumtoa njiti huyo mililita 10 ni sawa na kumtoa mtu mzima nusu lita, yaani kiasi kinachokaribia au hata kuzidi kile anachotoa mchangia damu kwa mara moja. Mchangia damu hupumzishwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutoa tena. Njiti huenda akachomwa tena kesho yake.

Funzo kutoka Kingston

Mfano mkubwa wa matumizi ya damu ya kitovu ulitoka katika kisiwa cha Jamaica. Kuanzia Juni 1973 hadi Desemba 1981, Graham Serjeant na wenzake walipima damu ya kitovu ya watoto 100,000 waliozaliwa kwa njia ya kawaida katika hospitali ya wazazi ya Victoria Jubilee, jijini Kingston. Miongoni mwao walipatikana watoto 315 wenye selimundu ya aina ya SS, yaani waliorithi himoglobini S kutoka kwa baba na kwa mama. Watoto hao walifuatiliwa tangu kuzaliwa, pamoja na kundi la watoto wasio na ugonjwa ili ifanyike linganisho.

Kabla ya kazi hiyo, madaktari waliwajua zaidi wagonjwa waliofika hospitalini wakiwa tayari wanaumwa. Watoto waliofariki nyumbani kabla ya kugunduliwa hawakuhesabiwa na mtu. Ufuatiliaji wa Kingston ulionyesha kwamba hatari kubwa ya kifo humkabili mtoto mapema sana, hasa katika nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza, na kwamba sababu mbili zilijitokeza mno: maambukizi makali ya bakteria aina ya nimokokasi, na bandama kuvimba ghafla na kunasa damu nyingi hata mtoto akaishiwa damu kwa muda wa saa chache.

Mambo hayo mawili yanaweza kukabiliwa, alimradi mtoto awe amejulikana mapema. Akina mama wa Jamaica walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu, ili watambue bandama inapokua na wakimbilie hospitali. Vifo vilivyotokana na bandama vilipungua sana. Kuhusu maambukizi, utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi ya nimokokasi kwa asilimia 84 miongoni mwa watoto wenye selimundu. Mbinu zote mbili ni za gharama ndogo, lakini hazina faida kwa mtoto ambaye hakuna anayejua kwamba ni mgonjwa.

Kwa nini swali hili linaihusu Tanzania

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Inakadiriwa kuwa ni takriban watoto 11,000 kila mwaka. Anapozaliwa, mtoto huyo haonyeshi dalili yoyote. Analindwa na himoglobini ya tumboni, iitwayo himoglobini F, ambayo huzuia seli zisijikunje. Himoglobini hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita, na karibu na umri wa miezi sita maumivu, uvimbe wa vidole na homa huanza kujitokeza. Kusubiri dalili ni kuuacha muda wa kinga upite.

Sampuli ya kuchunguza selimundu inaweza kutolewa kisiginoni, matone yake yakakaushwa kwenye karatasi maalumu, au inaweza kutolewa katika kitovu. Njia ya kisigino hutumika katika programu nyingi na hupunguza uwezekano wa kuchanganya damu ya mama na ya mtoto. Njia ya kitovu ina faida nyingine: mtoto hachomwi, damu hupatikana kwa wingi, na sampuli huwa tayari kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Jiji la Brussels, nchini Ubelgiji, lilichagua damu ya kitovu kwa uchunguzi wa watoto wake tangu miaka ya 1990. Nchini Oman, watafiti waliitumia kati ya mwaka 2005 na 2007 kuwachunguza maelfu ya watoto ili kujua ukubwa wa tatizo la selimundu na thalasemia.

Watumishi wa afya wanapaswa kukumbuka jambo moja. Kipimo rahisi cha kuangalia kama seli zinajikunja hakifai kwa mtoto mchanga, kwa kuwa himoglobini F hulificha jibu. Vinahitajika vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini, na jibu lolote linaloashiria ugonjwa lithibitishwe kwa sampuli ya pili iliyotolewa kwa mtoto mwenyewe.

Kundi la damu na manjano

Matumizi ya damu ya kitovu yanayofahamika zaidi katika wodi za wazazi ni kupima kundi la damu. Mama mwenye kundi la Rh hasi anapojifungua mtoto wa Rh chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zitakazoshambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo. Sindano ya anti-D, ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, huzuia hali hiyo. Sindano hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali. Kwa hiyo jibu la haraka kutoka kwenye kitovu humwambia daktari nani anaihitaji na nani haihitaji.

Pamoja na kundi la damu hufanyika kipimo cha Coombs, ambacho huonyesha kama kingamwili za mama tayari zimeshikamana na seli nyekundu za mtoto. Kipimo hiki kina faida hasa pale mama alipo Rh hasi, au anapokuwa na kundi O na mtoto wake kundi A au B. Kikiwa chanya, mtoto aangaliwe kwa karibu, kiwango cha bilirubini kipimwe mapema, na mama asiruhusiwe kuondoka kabla ya kuelezwa dalili za manjano. Bilirubini ikipanda kupita kiasi huingia katika ubongo, na mtoto anayesalimika anaweza kubaki na uziwi au ulemavu wa viungo maisha yake yote.

Chanzo kingine cha manjano makali ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria. Singapore ilianza kuwapima watoto kwa damu ya kitovu mwaka 1965. Waliokutwa na upungufu waliwekwa chini ya uangalizi, na madhara ya ubongo yatokanayo na manjano yakapungua sana. Mzazi anayejua mapema kwamba mwanawe ana upungufu huu anaweza kuepuka mambo yanayochochea kuvunjika kwa damu, yakiwemo baadhi ya dawa na vidonge vya nafthalini vinavyowekwa katika nguo ili kufukuza wadudu.

Kwa njiti, kila tone lina hesabu

Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huhitaji vipimo vingi siku ya kwanza: picha kamili ya damu, kundi la damu, na pengine kuotesha damu ili kutafuta bakteria. Vipimo hivi kwa pamoja vinaweza kuchukua sehemu kubwa ya damu yake, kisha ikalazimu aongezewe damu ya mtu mwingine. Katika jimbo la Utah, Marekani, matabibu walitumia damu iliyobaki katika kitovu na kondo kwa vipimo vya mwanzo vya watoto wenye uzito mdogo sana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba watoto hao walikuwa na himoglobini ya juu zaidi na waliongezewa damu mara chache kuliko wenzao.

Kuna faida nyingine isiyotajwa mara kwa mara. Mtoto akishaongezewa damu, kipimo cha selimundu hakiaminiki kwa miezi kadhaa, kwa kuwa seli zinazopimwa ni pamoja na za mchangiaji. Sampuli ya kitovu iliyochukuliwa siku ya kuzaliwa huhifadhi jibu la kweli kabla halijafichwa.

Mtoto kwanza, maabara baadaye

Hapa kuna hatari ambayo mtumishi wa afya hapaswi kuisahau. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita, na kwamba kusubiri kati ya dakika 1 na 3 kuna manufaa, isipokuwa pale mtoto anapohitaji kusaidiwa kupumua mara moja. Katika dakika hizo damu huendelea kuingia mwilini mwa mtoto na kumjengea akiba ya madini ya chuma itakayomsaidia kwa miezi mingi. Kubana kitovu haraka ili chupa ya maabara ijae ni kumnyang'anya mtoto haki yake kwa kisingizio cha kumpima.

Mambo haya mawili hayapingani. Baada ya kusubiri kwa muda unaotakiwa, damu iliyobaki katika kondo na katika kipande cha kitovu kwa kawaida hutosha kwa vipimo vilivyotajwa. Ikiwa haitoshi, mtoto achomwe kisiginoni. Hilo ni afadhali kuliko kupunguza kile alichopaswa kupata.

Namna ya kuchukua sampuli

Maelezo kwa mama yaanze kliniki, kabla ya uchungu. Aelezwe ni kipimo gani kitafanyika, kwa nini, na jinsi atakavyopata majibu. Naye aridhie au akatae kwa uhuru. Familia nyingi za Afrika Mashariki huzika kondo la nyuma kwa heshima, na ni vyema waelezwe kwamba kutoa mililita chache za damu hakuwazuii kulichukua kondo hilo kwa mujibu wa desturi zao na taratibu za hospitali.

Mtoto akishatenganishwa na kitovu kwa wakati unaofaa, mkunga aliyevaa glavu asafishe sehemu ya kitovu kwa shashi na dawa ya kuua vijidudu ili kuondoa damu ya mama iliyoshika juu yake. Kisha achome sindano katika vena, ambayo ni pana kuliko ateri, na kuvuta damu polepole. Damu isikamuliwe wala isiachwe itiririke kutoka kwenye ncha iliyokatwa kuingia katika chupa. Kufanya hivyo huingiza damu ya mama, na pia ute mzito wa kitovu uitwao ute wa Wharton, ambao hufanya seli zishikamane na kumpotosha anayepima kundi la damu. Maabara ikishuku ute huo, seli zioshwe vizuri kabla ya kupimwa.

Damu ya kitovu huganda upesi. Kwa hiyo sampuli ichukuliwe ndani ya dakika chache. Kwa picha ya damu, kundi la damu na selimundu hutumika chupa yenye kifuniko cha zambarau, nayo igeuzwe taratibu mara kadhaa bila kutikiswa. Lebo iandikwe papo hapo kando ya kitanda: jina na namba ya mama, jinsia ya mtoto, tarehe na saa, pamoja na maneno "damu ya kitovu". Kwa mapacha, vibanio viwekewe alama tofauti kabla kondo halijatoka. Sindano itupwe mara moja katika kisanduku cha vifaa vyenye ncha kali.

Maswali yasiyojibiwa na kitovu

Damu ya kitovu haitumiki kumpima mtoto maambukizi ya VVU. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na zinaweza kubaki kwa mtoto hadi umri wa miezi 18; na hata kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe kinaweza kupotoshwa na tone la damu ya mama. Kipimo cha kaswende nacho kifanywe kwa damu ya mtoto mwenyewe, kwani sampuli ya kitovu inaweza kutoa jibu chanya au hasi lisilo la kweli.

Sukari ya kitovu haielezi sukari ya mtoto saa mbili baadaye, wakati kondo limekwisha kuacha kumlisha. Vilevile, magonjwa ya kurithi ambayo sumu yake hujikusanya baada ya mtoto kuanza kunyonya, kama vile fenilketonuria, hayawezi kugunduliwa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa hadi wakati huo mwili wa mama ulikuwa ukimsaidia kuyaondoa. Kwa upande mwingine, homoni ya TSH, inayoonyesha upungufu wa tezi ya thairoidi, inaweza kupimwa katika kitovu, na nchi kama Malaysia na Saudi Arabia hufanya hivyo. Homoni hiyo hupanda kwa kasi muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo ikikosekana sampuli ya kitovu, ni bora kusubiri hadi baada ya siku ya kwanza.

Hata selimundu inaweza kukosewa. Mtoto mwenye ugonjwa hana himoglobini A ya kawaida. Damu ya mama yenye himoglobini hiyo ikiingia katika sampuli, mtoto huyo anaweza kuonekana kama mbebaji tu wa vinasaba, akarudishwa nyumbani bila tiba. Maabara inayoona himoglobini A kwa kiasi kisicho cha kawaida kwa mtoto mchanga iombe sampuli nyingine badala ya kutoa jibu la kubahatisha.

Majibu yamfikie mzazi

Sampuli nzuri iliyopimwa vizuri haimfai mtoto iwapo jibu lake litabaki katika daftari la maabara. Kabla mama hajaondoka wodini, iandikwe namba ya simu anayoitumia, na ikiwezekana ya ndugu wa karibu, pamoja na kliniki atakayompeleka mtoto kwa chanjo. Hudhurio la wiki ya sita ni nafasi nzuri ya kutoa jibu na kuchukua sampuli ya kuthibitisha, ili mwenye selimundu aanze penisilini akiwa na umri wa miezi 2 hadi 3.

Jibu litolewe faraghani na kwa maneno ya kueleweka. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Si kosa la mama, wala si laana. Mama na baba wafundishwe pamoja kupapasa bandama, kutambua weupe wa ghafla wa viganja na midomo, na kumfikisha mtoto hospitali kila anapopata homa, bila kusubiri asubuhi.

Kwa mama mjamzito, yapo maswali matatu ya kumuuliza mkunga wake: kundi langu la damu ni lipi, mtoto wangu atapimwa nini akizaliwa, na majibu nitayapata wapi? Aliye Rh hasi, mwenye mtoto mwingine aliyepata manjano makali, au mwenye ndugu wa selimundu katika ukoo wake au wa mwenzake, alitaje jambo hilo mapema. Mkunga akilijua kabla ya siku ya kujifungua, atakuwa ameandaa sindano, chupa na lebo wakati kondo la nyuma linapowekwa katika beseni.